RADI ZA SUMBAWANGA: UTANI WA KIJIWENI, JINA LA MJI NA UKWELI WENYEWE

Leo naomba tuongee kitu ambacho kila mtu wa Rukwa amekutana nacho. Ukiwa Dar, Mwanza, Arusha, popote pale, mtu akakuuliza "Kwenu wapi?", ukajibu "Sumbawanga", kinachofuata tunakijua wote. Jamaa anarudi nyuma hatua moja. Anacheka. Halafu anasema, "Aisee, basi ile buku mbili sikudai tena, usije ukanitumia radi bure!"

Na sisi wenyewe siyo watakatifu, tunautumia utani huo vizuri sana. Konda akizingua chenji: "We kaa nayo, mimi natoka Sumbawanga." Konda anairudisha fasta. Mwenye nyumba akianza maneno ya kodi: "Mzee, kwetu Sumbawanga ujue." Anapunguza sauti. Teh teh! Nani asiyependa silaha ya bure?

Ila kuna upande mwingine wa hii stori ambao hauchekeshi hata kidogo, na ndio ulionifanya niandike. Kwa hiyo twende taratibu: utani wenyewe, jina la mji limetoka wapi, kwa nini radi huku zipo kweli, na nini cha kufanya mvua zikianza. Kaa mkao wa kula.

UTANI WENYEWE

Kwa mdau ambaye hajawahi kufika, nikupe picha. Sumbawanga ni makao makuu ya mkoa wa Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Mji uko juu kwenye uwanda wa Ufipa, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Upande wa magharibi ukishuka unakutana na Ziwa Tanganyika, na mashariki ukishuka unakutana na Bonde la Ziwa Rukwa. Mkoa ulianzishwa 1974, na mwaka 2012 ukamegwa, Mpanda na wenzake wakawa mkoa wa Katavi.

Kwa miaka mingi kufika huku ilikuwa shughuli pevu. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilometa zaidi ya 220, ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Lami ilikuja kwa fedha za Wamarekani kupitia mpango wa MCC ambao Tanzania ilisaini Februari 2008, siku ambazo Bush alikuja nchini. Sasa fikiria, mahali ambapo watu hawafiki kirahisi, stori zake zinafika zenyewe. Mtu hajawahi kupita hata Laela, lakini anajua kila kitu kuhusu wachawi wa Sumbawanga!

Basi utani ukawa mwingi. Ikitoka habari ya kiwanja cha ndege cha Sumbawanga, watu wanauliza, "Cha nini wakati ungo zinatua bila taa?" Ukiongelea umeme, kumbuka mji wetu kwa miaka mingi umetumia umeme unaonunuliwa Zambia, watani wanasema, "Umeme mnanunua kwa jirani, wakati wa angani mnao bure!" Na mpira ndiyo usiseme. Oktoba 22, 2020 Simba walikuja kucheza na Tanzania Prisons hapa uwanja wa Nelson Mandela, wakalala 1-0. Vijiweni nani aliongelea ukabaji wa Prisons siku ile? Kila mtu anakwambia, "Sumbawanga ile, mlitegemea nini?" Vijana wa watu wamekimbia dakika 90 jasho linawatoka, sifa anapewa babu mmoja ambaye hata uwanjani hakwenda!

JINA LA MJI LINASEMA NINI?

Hapa ndipo panaponichekesha zaidi. Tafsiri iliyozoeleka ya jina Sumbawanga inatokana na Kifipa: "sumba" ni tupa, na "wanga" ni uchawi. Yaani TUPA UCHAWI. Wazee wanasimulia kwamba mgeni akija alikuwa anaambiwa kama una mambo yako, yatupe huko huko ndipo uingie.

Soma tena hapo mdau. Jina ni marufuku. Ni sawa na ukute ukuta umeandikwa "Usikojoe hapa", halafu mji mzima useme, "Aaah, kumbe hapa ndipo pa kukojoa!" Ndicho kilichotukuta. Mji uliojiita tupa uchawi ndio umegeuzwa kuwa mji wa uchawi.

Halafu watu waliopita huku zamani hawakuandika hivyo kabisa. Mskoti mmoja, Joseph Thomson, alipita Ufipa mwaka 1880 na aliwasifu Wafipa kuwa ni wakulima hasa, watu wa amani. Msomi Roy Willis kutoka Uingereza, aliyeishi na Wafipa miaka ya 1960 na kuandika vitabu kadhaa kuhusu sisi, naye alikuta watu wa kazi na wakarimu kwa wageni. Wafipa tuna sifa ya kilimo cha matuta ya majani, yale ya kufukia nyasi chini ya udongo zioze ziwe mbolea. Wazee wetu waliyeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, na mabaki yake bado yapo. Hiyo ni teknolojia wadau! Lakini nani anamtania Mfipa kwa kuyeyusha chuma? Hakuna. Ni radi tu.

KAMCHAPE NA LAMBALAMBA

Sasa nisije nikaonekana naficha. Imani ya uchawi huku ipo, kama ilivyo Usukumani, Pwani, Pemba na kwingineko. Na huku ina historia yake.

Miaka ya 1930 kulitokea kundi la watu waliotokea Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, wakapita Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia, wakigawa dawa ya kuwasafisha wachawi. Waliitwa mchapi. Huku kwetu likaingia jina la kamchape. Lilikuja, likapoa, likarudi tena na tena. Lile la 1963 na 1964, mara tu baada ya uhuru, Willis alilishuhudia Ufipa na kuliandikia makala iliyotoka 1968. Mtindo ulikuwa ule ule: vijana wanaingia kijijini, watu wanakusanywa, wanachanjwa dawa, na wanaotajwa kuwa wachawi wanatoa pembe na hirizi zao hadharani. Willis aliona kitu kimoja cha maana, kwamba waliokuwa wanashabikia sana walikuwa vijana, na waliokuwa wananyooshewa vidole sana walikuwa wazee.

Siku hizi Rukwa na Katavi wanaitwa lambalamba. Wanakuja kijijini, watu wanachangishwa, wanaingia nyumba hii na ile wanafukua vitu, na mwisho wa siku kuna mzee ameaibishwa mbele ya wajukuu zake. Viongozi wamewakemea mara nyingi na polisi wamekuwa wakiwakamata, lakini wakifukuzwa huku wanaibukia kule.

Na hapa wengi hawajui sheria. Tanzania tuna Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyotungwa enzi za Mwingereza mwaka 1928. Watu wanadhani sheria hiyo inamhusu anayejiita mchawi peke yake. Hapana. Hata kumtaja mwenzako kwamba ni mchawi ni kosa. Kwa hiyo yule anayesimama msibani na kusema "Fulani ndiye aliyetuma" anaweza kuwa ndiye mwenye kesi.

SASA RADI YENYEWE NI NINI?

Tuliopitia fizikia ya sekondari tunakumbuka ile ya kusugua kalamu kwenye nywele halafu inanyanyua vipande vya karatasi. Radi ni kitu kile kile, ila kalamu ni wingu zima.

Wingu la mvua kubwa linapanda juu sana, kilometa hata 10 na zaidi. Huko juu ni baridi kali, maji yanakuwa chembe za barafu. Chembe ndogo zinapandishwa na upepo, zile nzito kidogo zinashuka, zinagongana na kusuguana. Kusuguana huko kunatenganisha chaji za umeme: juu ya wingu kunakuwa na chaji chanya, chini chaji hasi. Chaji zikizidi, hewa inashindwa kuzizuia. Umeme unaanza kushuka kwa hatua hatua ukitafuta njia, na kutoka ardhini vitu virefu vinatoa cheche za kuupokea. Vikikutana tu, PAAA!

Njia ile inapata joto la nyuzi kama 30,000 za Selsiasi, karibu mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa inapanuka ghafla, na ndiyo ile ngurumo. Mwanga unafika papo hapo lakini sauti inatembea taratibu, inatumia kama sekunde tatu kwa kilometa moja. Ndiyo maana unaona kwanza halafu unasikia.

KWA NINI UFIPA ZINATUSUMBUA?

Ziko sababu tatu, na hakuna hata moja inayohitaji ungo.

Ya kwanza ni maziwa mawili. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 kutoka usawa wa bahari na Ziwa Rukwa kama mita 800. Sisi tuko juu, mita 1,500 hadi zaidi ya 2,000 kwenye milima ya Mbizi na Malonje. Hewa yenye unyevu wa ziwani ikisukumwa ikakutana na kingo za bonde, haina pa kwenda zaidi ya kupanda juu. Ikipanda inapoa, mawingu makubwa yanajengeka. Ndiyo maana asubuhi jua linawaka, watu wameanika mahindi, saa nane mchana mbingu imekuwa nyeusi tii.

Ya pili ni msimu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Zinakuja na ngurumo, na zinakuja wakati ule ule ambapo kila mtu yuko shamba analima na kupanda.

Ya tatu ndiyo ambayo watu hawaifikirii. Uwanda wa Ufipa una nyasi nyingi na miti michache. Simama Mpui au barabara ya kwenda Matai uangalie, ni wazi mpaka macho yanachoka. Radi inapenda kilicho kirefu kuliko vingine. Sasa katikati ya shamba la ekari tano hakuna mti, hakuna nguzo, kuna mtu amesimama na jembe begani. Mdau, pale shambani wewe ndiye mti!

Na tusidhani tunaongoza dunia. Watafiti waliotumia data za setilaiti za NASA walitoa orodha mwaka 2016: namba moja duniani ni Ziwa Maracaibo kule Venezuela, na kwa Afrika ni Kabare, mashariki mwa Kongo, karibu na Ziwa Kivu. Ona na wao: milima na ziwa. Nikiwaambia washkaji kijiweni kwamba jirani zetu wa Kongo wanatuzidi mbali sana kwa radi, wanasikitika kama timu imefungwa vile, hahaha!

"MBONA IMEMPIGA YEYE TU?"

Hapa ndipo utani unapogeuka. Kila aliyekulia huku anaijua picha hii. Watu wanne wako shambani, mvua inakuja, radi inapiga, mmoja anafariki, watatu wazima. Jioni msibani swali linakuwa moja: kwa nini yeye? Halafu mtu anakumbuka kwamba wiki iliyopita marehemu alikosana na baba yake mdogo kuhusu mpaka wa shamba. Basi. Kesi imekwisha. Yule mzee kesho haamkiwi na mtu, keshokutwa nyumba yake inachomwa moto, na akiwa na bahati anahama na roho yake.

Sasa tuangalie swali lenyewe, maana siyo swali la kijinga. Radi inaua kwa njia kadhaa. Kuna kupigwa moja kwa moja, lakini hiyo ni nadra kuliko tunavyodhani. Kuna kurukiwa: radi inapiga mti, halafu umeme unaruka kwa mtu aliyejibanza chini yake. Kuna kugusa: umeshika waya, bomba au uzio. Na kuna ya ardhini, ambayo inaua wengi: radi inapiga hapa, umeme unasambaa kwenye udongo kama maji uliyomwaga sakafuni. Aliyesimama miguu imeachana anaupata zaidi kuliko aliyebana miguu, maana unaingia mguu huu na kutokea ule. Mita chache tu kulia au kushoto, udongo mbichi au mkavu, vinatosha kumwacha mmoja na kumchukua mwingine.

Ndiyo maana ng'ombe wanakufa wengi kwa mpigo. Miguu ya mbele na ya nyuma iko mbali, umeme ukipita unapita kifuani. Wafugaji wa kule Muze na Ilemba watanielewa. Mwaka 2016 kule Norway, nchi tajiri yenye kila kitu, radi moja iliua paa wa baridi 323 kwa pamoja mlimani Hardangervidda. Mia tatu ishirini na tatu! Ingekuwa kwetu, kijiji kizima kingetafutiwa lambalamba.

Kuna stori ya 1998 kule Kasai, Kongo. Gazeti moja la Kinshasa liliandika kwamba katika mechi ya mpira radi iliua wachezaji 11 wa timu moja, na wa timu pinzani hawakuguswa. Wakati huo nchi iko vitani na uthibitisho rasmi haukuwepo, lakini habari ilizunguka dunia nzima na watu wa huko wakalaumiana kwa uchawi. Hata ingekuwa kweli kwa kila neno, jiulize: timu moja wakiwa wamekusanyika upande mmoja wa uwanja uliolowa, umeme wa ardhini unaweza kufanya nini?

Na Marekani kulikuwa na mlinzi wa hifadhi anaitwa Roy Sullivan, alipigwa na radi MARA SABA kati ya 1942 na 1977, na zote akapona. Angekuwa Mfipa huyu, angesema nani akamwamini kwamba hana maadui? Lakini kazi yake ilikuwa porini, milimani, kwenye minara ya kuangalizia moto. Alikuwa anashinda mahali ambapo radi zinapiga. Sawasawa na mkulima wa Ufipa mwezi wa kumi na mbili.

Na radi haibagui wenye dhambi. Machi 2018 kule Nyaruguru, Rwanda, iliua waumini 16 kanisani. Oktoba 2018 Geita iliua wanafunzi sita wa shule ya msingi wakiwa darasani. Juni 2011 Uganda, shule ya Runyanya huko Kiryandongo, walikufa wanafunzi 18 na mwalimu wao. Januari 2025 tena Geita, Bukombe, wanafunzi saba wa sekondari ya Businda. Watoto wa shule walimkosea nani? Ukiangalia matukio haya kuna kitu kinajirudia: watu wengi ndani ya jengo moja, mvua ikinyesha. Swali la kuuliza pale ni kama jengo lilikuwa na kinga ya radi, ule mti wa chuma juu ya paa na waya mnene unaopeleka umeme chini ardhini. Hilo swali lina jibu, na lina mtu wa kulijibu. Lakini tukisema "imetumwa", hakuna anayeulizwa kitu. Mzee mmoja anaumia, na jengo linabaki vile vile likisubiri msimu ujao.

STORI ZA KIJIWENI, TUZIPITIE MOJA MOJA

Usivae nguo nyekundu. Hakuna ukweli. Radi haioni rangi. Inaangalia urefu na njia ya kupita.

Funika kioo. Kioo hakivuti radi. Hata hivyo mbali na dirisha ni pazuri, kwa hiyo bibi akikufukuza dirishani mtii, sababu yake tu ndiyo siyo.

Simu inavuta radi. Simu ya mfukoni haivuti. Lakini simu iliyo kwenye chaji ni habari nyingine kabisa, maana waya wa umeme unaweza kukuletea radi iliyopiga nguzo mbali huko. Chomoa! Na tivii chomoa, na redio.

Radi haipigi mahali pamoja mara mbili. Uongo mtupu. Muulize Sullivan.

Radi ni jogoo mwekundu anayeshuka na kukwangua. Wazee wengi wanasimulia hivyo, na mti uliopigwa kweli unabaki na michirizi kama ya kucha. Ni kwamba utomvu na maji ndani ya mti yamechemka ghafla yakapasua gamba. Stori ya jogoo ni nzuri, tuwasimulie watoto, ila ibaki stori.

Aliyepigwa na radi usimguse, au mnyweshe maziwa kwanza. Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inaua mtu ambaye angepona. Mwili wa aliyepigwa HAUBAKI na umeme. Unaweza kumgusa sekunde hiyo hiyo. Anayekufa kwa radi mara nyingi ni kwa sababu moyo umesimama na pumzi imekatika. Maziwa hayawashi moyo, na mtu asiyejitambua ukimnywesha chochote unamkaba. Marekani takwimu zao zinaonyesha karibu watu 9 kati ya 10 wanaopigwa wanapona.

UFANYEJE SASA?

Hesabu. Ukiona mwanga, anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Ikiwa ni chini ya 30, radi iko ndani ya kilometa 10, acha jembe ondoka. Ngurumo ya mwisho ikishapita, subiri dakika 30 kabla ya kurudi. Najua mvua ni chache na kazi ni nyingi, lakini nusu saa siyo shamba zima.

Pa kukimbilia. Nyumba imara iliyofungwa ni bora. Kaa mbali na dirisha, bomba, nyaya na kuta za bati. Gari lililofungwa nalo ni salama, hata Hiace iliyojaa mpaka mlangoni, kwa sababu ya lile bodi la chuma linalopitisha umeme nje kwenda chini, siyo kwa sababu ya matairi. Bodaboda, baiskeli na bajaji haziwezi kukusaidia, shuka. Kibanda cha nyasi cha shambani hakikingi radi, kinakinga matone tu.

Pa kuepuka. Chini ya mti ulio peke yake, hasa ule mti mmoja shamba zima ambao wote mnaukimbilia. Kileleni. Majini, na wavuvi wa Kasanga na Kirando hii ni yenu, mtumbwi katikati ya ziwa ndiyo kitu kirefu kuliko vyote pale. Jembe, fimbo ya chuma na mwavuli usibebe begani.

Kama umenaswa wazi kabisa. Tawanyikeni, msikumbatiane kundi moja. Shuka sehemu ya bonde kama ipo. Chuchumaa, miguu ikiwa imebanana, kichwa chini. Usilale chali wala kifudifudi, maana ukijinyoosha unakuwa kama ng'ombe. Kuchuchumaa siyo kinga kamili, ni ya mwisho kabisa ukikosa pa kwenda.

Mwenzako akipigwa. Angalia kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali, weka viganja vyako viwili katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu kiasi cha sentimeta 5, haraka haraka mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka apumue au mfike kituo cha afya. Wakiwa wengi wamepigwa, anza na yule aliyetulia kimya, siyo anayelia. Anayelia anapumua.

Shule, kanisa na msikiti. Ukiwa kwenye kamati, mkikaa kikao cha kuchangia rangi na viti, ongeza jambo moja kwenye ajenda: kinga ya radi, ifungwe na fundi anayejua, na waya ufike ardhini kweli kweli. Waya ulioishia hewani ni hatari kuliko kutokuwa nao.

KWA KUMALIZIA

Mimi sisemi utani ufe. Utani ndiyo unafanya safari ya basi iwe fupi, na mtu wa Sumbawanga bila utani wa radi ni kama ugali bila migebuka. Konda nitaendelea kumtisha, asizingue chenji yangu!

Ila tuwe na mpaka. Kwenye basi tutaniane. Msibani tunyamaze. Kwa sababu neno lile lile linalochekesha Kariakoo, likisemwa kijijini mbele ya maiti ya kijana, linakuwa hukumu ya mzee ambaye hana wakili na hana pa kukimbilia. Unapomwambia mwanao kwamba Mfipa anaweza kutuma radi, unamfundisha pia kwamba mtu akipigwa yupo aliyetuma. Hivyo viwili vinakwenda pamoja.

Na kumbukeni, wazee wetu walishatoa msimamo wao, wakaupa na mji jina. Tupa uchawi. Kazi yetu ni kuutupa kweli, tununue waya wa kinga.

Nawakilisha wadau. Kwenu huko mvua zikianza mnaambiwa nini? Nguo nyekundu, kioo, au kuna mpya?